Binamu yupo Texas anataka kumletea mzee kiwambo cha sauti cha bunduki kwenye begi, anasema "ni bomba tu". Wajuvi njooni

Mwana_Tandika:

Wakuu za jioni. Nina jambo limenikaa kooni wiki nzima nikaona nilimwage hapa, maana nyumbani nikilitaja shangazi presha itapanda.

Nina binamu yangu, mtoto wa shangazi, yupo Houston mwaka wa 11 huu, fundi wa AC. Jamaa tangu mwaka juzi kashikwa na ugonjwa wa bunduki. Na hanunui iliyokamilika, anaijenga mwenyewe kama sisi tunavyojenga Chanika, mwezi huu tofali, mwezi ujao nondo, ukipata hela ya bati unapaua. Leo kitako, kesho triga, keshokutwa darubini, na kila hatua ananirushia klipu WhatsApp bando langu linateketea hivi hivi. Ni ile familia ya AR-15, raifo ya Kimarekani, ila yeye kataka mtutu mfupi wa inchi 9, halafu mbele kafunga kiwambo cha sauti, lile bomba la kupunguza mlio.

Kilichonishangaza ni hiki. Ile nchi tunaambiwa bunduki zinauzwa supamaketi, lakini jamaa kwa ajili ya huo mtutu mfupi kajaza fomu, kapiga picha kama za pasipoti, kachukuliwa alama za vidole vyote kumi, kalipa dola 200 akakaa kusubiri. Na mtutu wenyewe hakuthubutu kuupeleka nyumbani, aliuacha dukani mpaka karatasi ilipotoka, anasema ukikutwa na vitu vyote ndani kabla ya kibali wanaweza kukuhesabu umeshaunda. Kiwambo nacho fomu yake na dola 200 zake. Kwenye bodi kachonga jina lake na mji anaokaa, kama namba ya chesesi vile. Angeweka mtutu wa inchi 16, kwa upande wa mtutu hayo mambo ya stempu, yaani hiyo kodi ya dola 200, yasingekuwepo kabisa. Nikamuuliza hizo inchi 7 zina uchawi gani akacheka tu.

Sasa shida yenyewe. Disemba anakuja kwenye harusi ya dada yake, na juzi kaniambia atakuja na kile kiwambo amletee mzee wangu, yaani mjomba wake. Mzee yupo Handeni, ana shotgani ya mitutu miwili, leseni anayo tangu mimi sijazaliwa, anafukuzia ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi. Sikio la kulia limeshakufa. Ukimpigia simu anaiweka sikio la kushoto halafu bado anapaza sauti mpaka majirani wanajua mna ugomvi wa shamba. Binamu anasema kiwambo kitamsaidia mzee, na eti uwanja wa ndege hawawezi kusema kitu kwa sababu silaha yenyewe kaiacha kwake, hiki ni bomba tu la chuma, atalifunga kwenye taulo.

Naombeni kujua: hiyo ya kwamba ni bomba tu ina ukweli? Kitafanya kazi kwenye shotgani ya mzee? Na kweli bunduki inakuwa haina sauti kama kwenye muvi? Maana kwenye klipu yake inalia "tafu", kama mtu kapiga mto wa kulalia.

Chachandu_Kkoo:

Mkuu umetuletea kesi humu ndani tugawane 😂😂 Mwambie alete pafyumu na simu kama wenzake. Nimekaa siti ya mbele nasubiri wajuvi.

FundiMafla:

Mi nijibu la sauti kwanza maana ndo kazi yangu kwa namna moja, nachomelea ekzosi mwaka wa 19 huu.

We umeshasikia bodaboda aliyeng'oa sailensa inavyolia usiku. Injini ni ile ile, petroli ile ile, kilichobadilika ni ule moshi wa moto unatoka kwa kishindo bila kupewa nafasi ya kupoa. Bunduki ni hivyo hivyo. Baruti ikiungua inatengeneza gesi ya moto yenye presha kubwa, inaisukuma risasi, risasi ikishatoka kwenye mdomo wa mtutu ile gesi nayo inaruka nje mara moja, paa! Huo ndo mlio mkubwa. Kiwambo ni mafla. Kinaipa gesi vyumba vya kutanukia na kupoa ili itoke kistaarabu. Na sio mfano wa kuchonga huu, yule Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo cha bunduki mwaka 1909, Hiram Percy Maxim, wazo lile lile la kutuliza gesi alilifanyia kazi kwenye injini, na kampuni yake baadae ikahamia kwenye mafla za mashine na kuachana na bunduki. Kwahiyo mimi na yeye ni ukoo mmoja, yeye tu ndo alipata hela.

Lakini kuna milio mingine kiwambo hakiigusi. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, na sauti inakimbia kama mita 340 kwa sekunde, inapasua hewa njia nzima na kutoa mlio wake kama mjeledi. Hapo kiwambo hakina ujanja, risasi imeshaondoka. Halafu kuna chuma kugongana, kile kipande cha ndani kinavyorudi na kutema ganda. Ndo maana binamu yako kapata "tafu", bila shaka kapakia risasi nzito za mwendo mdogo. Akipakia za kawaida utasikia kitu tofauti kabisa.

Kwa namba, raifo ya kawaida ya risasi za milimita 5.56 mlio wake ni kama desibeli 160 na ushee, kiwambo kizuri kinapunguza kama 20 mpaka 35. Toa mwenyewe. Unabaki na 130 na kitu, huo ni mlio mkali bado. Kile cha kwenye muvi, mtu anapigwa chumba cha pili huku mlinzi anakunywa chai, ni hadithi ya sungura na fisi. Ila usidharau hizo desibeli 30, hesabu yake haiendi kama ya shilingi, kila ukishuka 10 nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Ukishuka 30 umegawanya kwa elfu. Kwa sikio hiyo ni tofauti ya kuzibuka na kuziba.

Bint_Mzigua:

Poleni na baba. Sisi Wazigua tunaongea kwa sauti tangu enzi na enzi, msisingizie shotgani.

Mwana_Tandika:

@Bint_Mzigua 😂😂 huyu wetu kazidisha dada.
@FundiMafla asante sana mkuu nimeelewa kama nipo darasani. Swali la shotgani je?

FundiMafla:

Hapo ndo nilikuwa nakuja. Muulize binamu kiwambo chake ni cha risasi ya kipenyo gani.

Mwana_Tandika:

Kasema .300 Blackout.

FundiMafla:

Basi sahau. Hiyo risasi ina upana wa milimita 7.8 hivi. Shotgani ya mzee kama ni ile ya namba 12 tundu la mtutu ni kama milimita 18 na nusu, na kinachotoka mle ni kundi la gololi na kikombe chake. Unataka kupitisha embe dodo kwenye tundu la kifungo cha shati. Kikifungwa kwa nguvu za fundi wa mtaani na mzee akavuta, kile chuma hakitaziba sauti, kitapasuka usoni kwake. Na mitutu ni miwili! Bomba moja linakaa upande gani? Binamu yako anaijua bunduki yake tu, ya mjomba wake hajaikalia hata dakika moja akaifikiria.

Mbongo_Houston:

Nimepita huu uzi nikacheka peke yangu kwenye foleni huku. Mi nipo jiji hilo hilo na mchezo huo huo naujua, ninacho changu kifupi kilichosajiliwa, ngoja nikujibu lile la inchi 7 ambalo binamu kakwepa.

Sheria yenyewe inaitwa NFA (National Firearms Act), ya mwaka 1934, wakati wa Rais Roosevelt. Ilikuwa ni zama za magenge ya pombe haramu, mwaka 1929 Chicago watu saba walipangwa ukutani kwenye gereji wakamiminiwa risasi za Thompson, bombom ya mkononi, siku ya wapendanao, nchi ikashtuka. Serikali ikataka kubana bombom, kubana viwambo vya sauti, na mwanzoni ilitaka kubana mpaka bastola kwa sababu bastola inafichika ndani ya koti. Sasa mtu mjanja angefanyaje? Angenunua raifo ya kuwindia, aikate mtutu na kitako, tayari ana bastola ya kienyeji. Kwahiyo wakaweka kipimo cha urefu kuziba huo upenyo. Halafu kwenye vikao bastola zikaondolewa kwenye muswada, watu walipiga kelele. Kipimo kikabaki. Mlango umeng'olewa lakini kufuli wameliacha linaning'inia kwenye fremu, ndo hilo kufuli binamu yako kalilipia dola 200.

Leo kipimo kwa raifo ni mtutu usipungue inchi 16 na bunduki nzima isipungue inchi 26, ambayo ni sentimita 66. Kwa shotgani ni 18. Hata hiyo 16 ya raifo zamani ilikuwa 18, wakaishusha mwaka 1960. Na hizo dola 200 zimekaa pale pale tangu 1934, wakati ule ilikuwa karibu bei ya Thompson yenyewe, kwa hela ya leo ni zaidi ya 4,000. Lengo lilikuwa ushindwe. Miaka ikapita hela ikashuka thamani, ikawa ni bei ya matairi mawili.

Cha kuchekesha zaidi, ukijenga bunduki kama ile ile, mtutu ule ule wa inchi 9, ila tangu mwanzo bila kitako cha kuegemeza begani, kwa sheria inaitwa bastola na haina stempu. Kwahiyo watu wakawa wanafunga kitu kama mkanda wa kushikiza mkononi ambao "kwa bahati mbaya" unakaa vizuri begani. Mwaka 2023 ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wakasema aah jamani mnatuona watoto, wote sajilini, na mwaka uliofuata mahakama ya hapa hapa Texas ikaitupa hiyo kanuni. Huo ndo utawala wa inchi.

Sasa mpe binamu pole kwa niaba yangu, kuanzia Januari 1 mwaka 2026 hiyo kodi ya mtutu mfupi na ya kiwambo imekuwa sifuri. Bombom na vitu vya aina ya mabomu ndo vimebaki na 200 zao. Fomu, picha, vidole na kusubiri vipo kama kawaida, ila hela hakuna. Yeye kalipa 400, mimi nililipa 400, tungevumilia kidogo tungenunua risasi. Kusubiri nako siku hizi kumepungua, unajaza kwa mtandao unapata ndani ya siku au wiki chache, sisi wa zamani tulikaa miezi mpaka unasahau umeomba nini.

La msingi lako sasa. Anaposema ni bomba tu, anajua anakudanganya, kwa sababu ile fomu kaijaza kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sheria ya huku kiwambo peke yake, bila bunduki, bila risasi, kimelala kwenye droo, ni silaha. Neno lenyewe la sheria ndo hilo. Kina namba yake ya usajili na jina lake lipo pale. Kukitoa nje ya Marekani bila kibali cha kusafirisha silaha ni kosa la jinai la shirikisho, haijalishi kiko kwenye taulo au kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Hapo hata Dar hajafika. Kwa makosa ya NFA tu ni hadi miaka 10 jela. Wenzetu wa huku wanaikumbuka Ruby Ridge ya Idaho mwaka 1992, Randy Weaver alishtakiwa kuuza shotgani mbili zilizokatwa mitutu kwa mtu ambaye kumbe ni mtoa taarifa wa ATF, hakufika mahakamani, ikaisha kwa nyumba kuzingirwa siku 11, mkewe kafa, mwanae wa miaka 14 kafa, na askari mmoja kafa. Baadae wazee wa baraza mahakamani (jury) wakamwondolea lile kosa la bunduki. Mke na mtoto wameshazikwa. Inchi hizo hizo mnazozicheka.

Chachandu_Kkoo:

Dah. Mi naomba nibaki na pafyumu.

Mpenda_Gemu:

Kuna kitu sijaelewa, kwenye gemu ukifunga mtutu mfupi unapata spidi lakini nguvu inapungua, na kwenye ukweli ni hivyo? Kwanini mtu aingie gharama zote apate bunduki dhaifu?

Mbongo_Houston:

@Mpenda_Gemu swali zuri kuliko ulivyodhani. Ndio, mtutu ukiwa mfupi baruti inakosa muda wa kuungua ndani, risasi inatoka na mwendo mdogo na baruti iliyobaki inaunguzia nje. Raifo ya 5.56 yenye mtutu mfupi ukiipiga jioni inatema moto kama jiko la mchina limeshikwa na upepo, na kishindo unakisikia kifuani. Ndo maana ikaja hiyo .300 Blackout, ilisajiliwa rasmi na wenye viwango vya risasi huku mwaka 2011, baruti yake inaungua haraka kiasi kwamba inchi 9 hivi zinaitosha. Halafu inaweza kupiga risasi nzito ya gramu 14 kwa mwendo wa chini ya sauti, hapo kiwambo kinapata heshima yake na ndo "tafu" ya Mwana_Tandika.

Na ufupi wenyewe ni kwa sababu kiwambo kina urefu wake. Ukiweka kiwambo cha inchi 7 mbele ya mtutu wa 16 unapata mchi wa kutwangia kisamvu, unagonga milango na taa za ndani. Ukianza na 9, jumla unarudi kwenye 16 ile ile ya dukani. Mi binafsi naona ndo sababu pekee ya maana, zilizobaki ni mbwembwe za Instagramu. Bunduki yangu nimeipiga labda mara sita mwaka huu.

Mgambo_Msituni:

Nimesoma kimya kimya. Mimi ni mstaafu, nimekula mshahara wa wanyamapori miaka mingi, Rungwa na baadae Selous. Niseme la upande wangu.

Watoto mnaongelea masikio. Mimi sikio ndo lilikuwa chombo cha kazi. Mnalala juu ya kilima watu wanne, moto hamuwashi, mnakula ugali wa jana umekauka na sukari. Saa nane usiku mlio unakuja, duu, mbali. Hapo hakuna anayeongea. Kila mmoja ananyoosha mkono kule aliposikia, gizani, halafu kiongozi anawasha tochi chini ya koti anaangalia mikono inaelekea wapi. Mikono mitatu ikikubaliana mnaanza kutembea. Ndo GPS yetu ilikuwa hiyo. Mlio wa bunduki kubwa ya tembo usiku wa baridi unaweza kuusikia ukiwa mbali sana, na mtu aliyepiga anajua umesikia, kwahiyo na yeye ana haraka, anakosea, anaacha nyayo.

Mfumo ikolojia wa Selous mwaka 1976 ulihesabiwa tembo laki moja na elfu tisa. Sensa ya 2013 ikakuta elfu kumi na tatu na kidogo. Wengi wao walikufa kwa bunduki zenye kelele. Sasa nipe msitu ule ule, mjangili yule yule, halafu mlio usifike kilimani. Norway na New Zealand mwindaji anatumia kiwambo kawaida kabisa, na sababu zao ni hizo hizo za masikio na majirani, sina ugomvi nao, wana hali yao. Hapa kwetu askari akikukuta porini na bunduki yenye kiwambo hatakuuliza habari za masikio.

Kuhusu begi. Sheria yetu ya kudhibiti silaha na risasi ni ya 2015, iliifuta ile ya 1991. Silaha haiingii nchini bila kibali cha polisi kilichotolewa kabla. Na msitegemee ubishi wa "kipuri sio silaha", maana itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha ndogo imekitaja kifaa cha kupunguza mlio wazi kabisa kwenye maana ya vipuri, na sisi tumo humo. Kesi za silaha kwetu zinaingia kwenye uhujumu uchumi. Unajua maana yake mwanangu? Dhamana yake sio ile ya mtu na kitambulisho. Harusi ya dada yake ataisikia akiwa mahabusu Keko.

Na mzee wako ndo atakayeumia kuliko wote. Leseni yake imeandika bunduki moja, ya aina fulani, namba fulani. Ile leseni aliipata kwa kuanzia serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi, watu wakamjadili tabia yake mpaka wakaridhika. Siku polisi wanakagua wakute kitu kimefungwa mbele, wanachukua vyote. Mzee wa miaka hiyo anabaki na manati na ngedere wanajua.

Kijana_Gerezani:

Na je fundi wa hapa akitengeneza? Bomba si bomba. @FundiMafla hapo vipi boss, si umesema ni mafla tu 😅

FundiMafla:

@Kijana_Gerezani nilijua tu lazima mtu aje na hilo. Hapana, na usiniulize pembeni pia. Mafla ya bodaboda ikipasuka unasukuma pikipiki mpaka gereji. Hii ikipasuka unasukumwa wewe. Na nimeshaona mzee mmoja kwetu, mchonga magobore, mzuri kweli wa mikono, alikuwa anaweza kukutengenezea kitasa bila kipimo. Alichukuliwa alfajiri na vifaa vyake vyote mpaka tupa na nyundo, miaka imepita yale majiko ya mkaa aliyokuwa anatengeneza hakuna aliyeweza kuyaiga. Kama kuna mtu ana kitu chake cha urithi ndani hakina karatasi, Septemba ndo mwezi ambao Umoja wa Afrika umeuweka wa kusalimisha silaha, aulizie polisi. Mi ninachomelea mageti.

Mwalimu_Historia:

Naomba nichomekee kidogo nje ya mada. FundiMafla kamtaja Hiram Percy Maxim. Huyo ni mtoto. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndo mwenye ile bunduki ya Maxim ya 1884, bombom yenyewe. Neno letu linasemekana limetokana na mlio, bom bom bom. Wajerumani walikuwa na bombom pale Mahenge Agosti 30 mwaka 1905 wakati wapiganaji wa Maji Maji walipokuja na mikuki na magobore na maji ya Kinjeketile mwilini. Wakafyekwa kama nyasi.

Yule baba uzeeni akawa kiziwi kabisa, kwa kukaa karibu na bunduki zake alizokuwa anazijaribu. Na mwanae ndo akaja na chombo cha kupunguza mlio. Kila nikiwafundisha kidato cha tatu hiyo habari ya Mahenge natamani niwaongezee hicho kipande ila mtihani haukiulizi.

Mwana_Tandika:

Wakuu narudi na mrejesho. Nimempigia binamu jana usiku, nikamsomea hii yote neno kwa neno, ya Mbongo_Houston nikairudia mara mbili. Mwanzoni akawa mkali, eti nyie wabongo waoga. Nikamuuliza kwenye ile fomu yako pameandikwa bomba au pameandikwa silaha? Akakaa kimya. Halafu nikamuuliza tundu la kiwambo milimita ngapi. Kimya zaidi. Nikasikia anafungua droo, anapima kweli! Baadae akasema "sasa si ungeniambia mapema ni ya mitutu miwili". Kwamba kosa langu.

Ile ya kodi kuwa sifuri alikuwa anaijua, rafiki yake kajaza Februari bure, ndo maana kanuna muda wote huu.

Kwahiyo kiwambo kinabaki Houston. Atakuja na zile hedifoni za kuwindia, zinaziba kishindo lakini mtu akiongea unamsikia, anasema za kwake anazivaa hata akifunga kiwambo, kumbe kwenye klipu zote anazo kichwani nilikuwa nadhani anasikiliza muziki. Nikampigia mzee kumwambia. Nikapaza sauti mpaka mama mwenye nyumba akachungulia. Mzee kasikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu, kama zinashika redio ya mpira.

Bint_Mzigua:

Mwambie ziwe mbili, na mama mwenye nyumba naye anahitaji 😂